Picha Hii Tuihukumu kwa Mwanga Gani?

Swali la wiki hii ni la dukani: mtu ambaye hajatamka neno lolote la uongo, anaweza kuwa amedanganya?

Nililetewa kesi hapa Ukunda. Mama mmoja wa Msambweni alitaka picha kubwa ya marehemu mumewe kwa ajili ya matanga. Dukani, chini ya taa, picha mpya na ile ndogo ya zamani zilifanana. Kufika kwake akazitoa uani, juani, shati jeupe la marehemu kwenye ile kubwa likawa kama limetiwa buluu. Akarudi mbio. "Mwanangu, mmenibadilishia karatasi!" Kijana akaapa ni ile ile.

Wote wawili walisema kweli. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe, na karatasi nyingi za siku hizi hutiwa dawa ya kung'arisha, jamaa ya ile iliyo kwenye sabuni ya unga, inayofanya shati liwake juani. Dawa hiyo hunasa miale tusiyoiona kwa macho, ikairudisha kama mwanga wa buluu. Jua la Diani lina miale hiyo tele; taa nyingi za LED karibu hazina. Ndiyo maana karatasi mbili hufanana dukani kama pacha, zikipita mlango tu zinaachana.

Sasa rangi ya kweli ni ipi? Balbu ya manjano ina kama Kelvin 2700, mwanga wa mchana 5000 hadi 6500. Wachapaji wa dunia, ili wasigombane, waliafikiana kukagua rangi kwenye mwanga wa 5000. Waliafikiana tu, hawakusema mingine ni ya uongo.

Kwa hivyo mimi siulizi sana rangi ya kweli. Nauliza nani alijua. Mithali 11 inakemea mizani ya udanganyifu, nami naona taa ya dukani ni mizani vilevile. Mama zetu wa Kwale wakinunua leso huitoa kwanza mlangoni waione juani, na muuzaji hanuni. Kwa leso kila mtu anajua. Kwa karatasi ya picha, anayejua ni mchapaji peke yake, na mteja hawezi kuuliza asichokijua. Akinyamaza huku anajua, kwangu mimi hiyo ni hila, hata kama ulimi wake ni safi. Wapo watakaosema mnunuzi ana macho. Ana macho, ndiyo, lakini taa ni ya nani?

Kijana wetu hakuwa anajua, nilimwamini. Siku hizi kabla hajachapa huuliza, "Utaitundika wapi?" na humtoa mteja nje na kipande cha karatasi. Gharama ya kuchapa upya nilisema waigawane nusu kwa nusu. Shemeji yangu mpaka leo anasema nilimwonea yule mama.