Mwana wa Amri na Matini Asiyoichagua: Suala la Uwajibikaji wa Msomaji

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi wa miongo ya karibuni umemtukuza msomaji. Tangu Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi katika insha yake ya mwaka 1967, na wananadharia wa upokezi kama Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser walipoonyesha kwamba matini haikamiliki pasipo anayeisoma, tumezoea kusema kwamba maana imo mikononi mwa msomaji. Ambalo halijadiliwi kwa kina kama hicho ni deni linaloandamana na mamlaka hayo. Ikiwa msomaji ndiye anayeipa matini maana, je, anawajibika kwa maana aliyoitoa? Na je, anawajibika hata pale ambapo matini yenyewe hakuichagua, bali alirithishwa angali mtoto?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia namna vijana wa Kiyahudi wanavyoandaliwa kuingia utu uzima. Kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi, mvulana afikapo umri wa miaka 13 huwa bar mitzva, yaani ‘mwana wa amri’. Msichana huwa bat mitzva, ‘binti wa amri’, afikapo miaka 12, ingawa jumuiya nyingi za mrengo wa mageuzi huadhimisha siku ya wasichana pia katika umri wa miaka 13. Hali hiyo humfika kijana hata kama hakuna sherehe yoyote iliyofanywa. Sherehe huutangazia umma kwamba kuanzia sasa matendo yake yanahesabiwa juu yake mwenyewe. La kuvutia kwetu sisi wanafunzi wa fasihi ni kwamba tendo lililoteuliwa kuudhihirisha utu uzima huo ni kusoma.

Hoja yetu ya kimsingi ni kwamba, katika utaratibu huu, mtu hawi mtu mzima kwa kuikubali matini wala kwa kuikataa. Huwa mtu mzima pale anapoisoma kikamilifu mbele ya wenzake, kisha akasimama nyuma ya fasiri yake.

Kusoma kabla ya kuelewa

Torati imegawanywa katika sehemu 54 zinazosomwa kwa zamu katika mzunguko wa mwaka. Sehemu atakayoisoma kijana haiteuliwi kwa kuzingatia ladha yake. Kwa kawaida huamuliwa na tarehe ya kuzaliwa kwake katika kalenda ya Kiebrania. Aliyezaliwa majira ya kusomwa habari za kuivuka Bahari ya Shamu hupata kisa chenye wimbo na ushindi. Mwenzake aliyezaliwa miezi michache baadaye huenda akaangukia zile sura za Mambo ya Walawi zinazoeleza magonjwa ya ngozi na madoa katika kuta za nyumba. Wote wawili watasoma kilichowaangukia.

Gombo lenyewe huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, nalo halina irabu, halina alama za kituo, wala halina ishara za mahadhi. Ishara hizo zilibuniwa na wataalamu wajulikanao kama Wamasoreti, hasa wale wa mji wa Tiberia, kati ya karne ya 7 na ya 10, na hutiwa katika vitabu vya kawaida pekee. Kwa hiyo kijana hujifunza kwa kitabu chenye safu mbili: safu moja ina irabu na mahadhi, ya pili ina herufi tupu kama zilivyo katika gombo. Kwa miezi mingi hutoka safu ya kwanza kwenda ya pili, hadi aweze kuiacha ile ya kwanza kabisa. Msomaji wa tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu anaifahamu hali inayokaribiana na hii: herufi peke yake haitoshi, sharti mtu awe na lugha tayari kichwani ndipo aweze kusoma.

Siku ikifika, kijana huufuata mstari kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono, kwani ngozi ile haiguswi kwa kidole. Akikosea neno kwa namna inayobadili maana, wasikilizaji humsahihisha papo hapo, naye hulirudia.

Mhakiki mwenye shaka atauliza: kuna utu uzima gani katika kukariri? Huko Marekani, vijana wengi wa Kiyahudi hukua wakisema Kiingereza, na Kiebrania cha Torati huwafikia kwanza kama sauti tu. Yaelekea basi kwamba kijana anaimba asichokielewa ili kuwafurahisha jamaa waliosafiri kuja karamuni. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, linasahau kwamba katika jumuiya nyingi usomaji huandamana na hotuba fupi ambamo kijana hutakiwa kueleza sehemu yake ina maana gani na inamdai nini. Hapo mahadhi hayamsaidii tena. Ugumu wa hotuba hiyo hudhihirika zaidi pale matini inapomshtua yule anayeisoma.

Kisa cha mwana mkaidi

Tumchukue kijana ambaye siku yake imeangukia mwishoni mwa kiangazi cha nchi za kaskazini, wakati ambapo husomwa Kumbukumbu la Torati kuanzia sehemu ya sura ya 21. Humo mna sheria ya mwana mkaidi na mwasi. Wazazi ambao mwana wao hawasikii humpeleka kwa wazee wa mji, humshtaki kwa ukaidi, ulafi na ulevi, na watu wa mji humpiga kwa mawe hadi afe. Kijana wa miaka 13 anaisoma sheria hii kwa sauti, wazazi wake wakiwa wameketi mbele yake.

Marabi wa kale waliiona kashfa iliyomo. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria ulioratibiwa yapata mwaka 200 B.K., waliizingira sheria hii kwa masharti. Mtoto mdogo hahusiki, kwa sababu hajaingia katika amri. Mtu mzima kamili naye hahusiki. Unabaki muda mfupi tu baada ya kubaleghe, ambao Talmudi ya Babeli inaukadiria kuwa miezi 3. Ni lazima wazazi wote wawili watake ashtakiwe. Mmoja wao akiwa kiwete, bubu, kipofu au kiziwi, shtaka linaanguka. Rabi mmoja, Yehuda, aliongeza kwamba mama asipolingana na baba kwa sauti, kwa sura na kwa kimo, mwana hawezi kuhukumiwa. Kutokana na masharti hayo ulizuka msimamo kwamba mwana mkaidi wa namna hii hajawahi kuwako wala hatakuwako kamwe. Mbona basi sheria iliandikwa? Jibu lililotolewa ni kwamba iliandikwa ili watu waichunguze, wapate thawabu ya kuichunguza.

Mambo mawili hapa yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, muda ambao sheria hii ingeweza kumpata mtu unaanza pale pale anapoanza kuwa mwana wa amri. Kijana anayesoma kifungu hiki anasoma habari zake mwenyewe: juzi sheria haikumhusu, leo ingemhusu. Pili, marabi hawakufuta hata herufi moja. Waliiacha matini isomwe kila mwaka kama ilivyo, wakaizuia isiue kwa nguvu ya ufasiri pekee. Hiyo ndiyo fasiri inayowajibika: haikani kilichoandikwa, wala haijifichi nyuma yake.

Lakini Talmudi haituruhusu kuridhika upesi. Mara baada ya kauli kwamba mwana huyo hajawahi kuwako, inarekodiwa sauti ya Rabi Jonathan, aliyesema kwamba yeye alimwona, na kwamba aliketi juu ya kaburi lake. Sauti hiyo haikuondolewa. Inamkumbusha kila mfasiri kwamba huenda fasiri yake ya huruma imechelewa, na kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumizwa na matini kabla ya wasomi kuipatia maana nzuri. Kijana anayesimama na kusema “sheria hii haikutekelezwa kamwe” amesema nusu tu. Akilitaja na kaburi, hotuba yake imeanza kuwa ya mtu mzima.

Pingamizi la hiari

Pingamizi zito zaidi ni la hiari: ni haki gani kumfunga mtu kwa agano ambalo hakuulizwa? Wayahudi wenyewe wamelijadili. Mwanzoni mwa karne ya 19, wanamageuzi wa Ujerumani walianzisha kipaimara cha Kiyahudi, ambacho baadaye katika jumuiya nyingi kilipewa vijana wenye umri mkubwa zaidi, kwa hoja kwamba mtoto wa miaka 13 hawezi kuahidi asichokielewa. Hoja hiyo ni ya kiungwana, ila inadhani kwamba kuna umri ambapo mtu huelewa kwanza ndipo awajibike. Tajiriba ya maisha haisemi hivyo. Hakuna aliyeichagua lugha ya mama, na bado kila mmoja wetu hulaumiwa kwa matusi anayoyatamka katika lugha hiyo.

Hata pale matini ilipochaguliwa, hiari haidumu zaidi ya kizazi kimoja. Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyeishi karibu na Mbale, aliisoma Biblia akiwa mtu mzima na mwaka 1919 akajitahiri kwa kuifuata. Ndiye mwasisi wa jumuiya ya Abayudaya. Yeye alichagua. Watoto wa jumuiya hiyo wanaoandaliwa leo wamerithi, sawa na wenzao wa New York.

Historia ya wasichana inaligeuza pingamizi hili upande wa pili. Tarehe 18 Machi 1922, huko New York, Judith Kaplan, binti wa Rabi Mordecai Kaplan, alisimama katika ibada ya hadhara na kusoma Torati akiwa na umri wa miaka 12 na nusu. Hakusoma katika gombo; alisoma katika kitabu cha chapa, akiwa mbali kidogo na jukwaa la usomaji. Kwa karne nyingi, dhuluma aliyotendewa msichana haikuwa kulazimishwa kusoma. Ilikuwa kufungwa na amri, kwani naye huwa binti wa amri kisheria, huku akinyimwa nafasi ya kuzisoma hadharani na kuzitolea kauli. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, Judith alifanya sherehe nyingine. Tunajifunza kutokana naye kwamba kulirithishwa jambo si dhuluma kwa lenyewe. Dhuluma ni kulirithishwa pasipo nafasi ya kujibu.

Hitimisho

Katika ibada ya bar mitzva kuna desturi ya baba kutamka maneno mafupi ya kumshukuru Mungu kwa kuondolewa adhabu itokanayo na mwanawe. Asili yake imo katika Bereshit Rabba, mkusanyo wa kale wa ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo, mahali panapozungumziwa Esau na Yakobo. Hadi umri wa miaka 13, yasema masimulizi hayo, mapacha hao walikwenda shule moja. Baada ya hapo mmoja akaelekea kwenye nyumba za masomo na mwingine kwenye sanamu. Waswahili husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Masimulizi haya yanasema kwamba walilelewa pamoja na hawakukua pamoja. Mzazi ana wajibu wa kuikabidhi matini; kile ambacho mwana atakitenda kwayo hakimo tena katika uwezo wake.

Shukrani ya baba huyo inaweza kusikika kama ya mtu aliyetua mzigo. Yafaa pia tuisikie kwa masikio ya mwana: kuanzia leo hawezi kusema “nilifundishwa hivyo”, na hawezi kusema “ndivyo ilivyoandikwa”. Sisi tunaofundisha fasihi huwaruhusu wanafunzi wetu visingizio hivyo viwili hadi shahada ya uzamili, tofauti ikiwa tu kwamba jina la mwananadharia huchukua nafasi ya jina la baba. Pengine tungeanza kwa kuwadai kidogo kile anachodaiwa mtoto wa miaka 13: asome kila herufi iliyo mbele yake, hasa ile inayomchukiza, kisha aseme kwa kinywa chake inamaanisha nini, huku akikumbuka kwamba huenda kuna aliyeketi juu ya kaburi.