Kujizuia kwa Ajili ya Taji Gani?

Neno: 1 Wakorintho 9:24-27



Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mashindano ya mbio, maana kwao jambo hilo lilijulika sana. Wakimbiaji wale walijinyima mengi kwa ajili ya shada la majani ambalo hunyauka upesi. Mtume hakuwacheka, aliwafanya kielelezo, ili atuulize sisi tunaongojea taji ya milele.

Leo na tutazame kujizuia kwa namna nyingine, kwake yeye awekaye dau juu ya mbio za farasi. Kule Epsom, Uingereza, mbio ziitwazo Derby zilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1780. Na karibu nasi, Nairobi, uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954. Wengi huweka fedha zao pasipo kufikiri. Walakini yuko asiyefanana nao, naye ana daftari. Huandika kila farasi alikimbia umbali gani, ardhi ilikuwa kavu au matope, na nani alimpanda. Huangalia na uzito, kwa maana ziko mbio ambazo farasi aliye bora huchukuzwa mzigo zaidi, hata vipande vya risasi, ili walio dhaifu nao wapate nafasi. Fedha ya dau huitenga na fedha ya chakula. Akishindwa, haongezi dau kwa hasira. Asipoona nafasi njema, hurudi nyumbani bila kuweka hata senti moja.

Mtu huyu husema, “Mimi si mcheza kamari, maana nina kiasi.” Tumjibuje?

Kwanza, tukiri kwamba kiasi chake ni cha kweli. Katika Luka 16:8 Bwana wetu ametuonya kwamba watu wa dunia hii hutushinda kwa busara katika mambo yao. Ni wangapi kwetu waliochunguza Neno la Mungu kama yeye achunguzavyo miguu ya farasi?

Pili, tuulize faida yake yatoka wapi. Mara nyingi dau zote hukusanywa pamoja. Wenye mchezo hutoa fungu lao kwanza, na yaliyosalia hugawiwa walioshinda. Tuseme zimewekwa shilingi 100, zikatolewa 18, zimesalia 82. Basi mmoja hapati ila wengine wamepoteza. Shamba huzaa, ng’ombe hutoa maziwa, seremala huacha meza. Dau halizai kitu. Na katika wanaopoteza wamo wasio na daftari, ambao watoto wao hulala na njaa. Katika Katekisimo, Amri ya Saba yatufundisha kumsaidia jirani atunze mali yake. Je, mwenye daftari amsaidia jirani, au angojea kosa lake?

Tatu, kiasi ni tunda la Roho, Wagalatia 5:23. Tunda la Roho halikutolewa ili litumikie tamaa, hata tamaa iliyo na subira na hesabu safi.

Ndugu mwenye daftari, hatukuambii ulitupe. Fungua ukurasa mpya. Andika deni lako, ada ya mtoto, sadaka yako, na majina ya wagonjwa utakaowatembelea. Nanyi walimu, msimdharau mtu huyu. Mpeni kazi, kwa maana amekwisha kujifunza uaminifu katika jambo lisilofaa kitu.

Bwana atujalie kujizuia kwa ajili ya taji isiyonyauka. Amin.