Mwanamke na Kazi ya Daraja

Twataka kuuliza neno moja: Kumsifu mtu kwa moyo wake, huku tukiunyamazia ujuzi wake, je, ni kumpa haki yake? Twauliza kwa ajili ya wanawake katika kazi za madaraja, maji na umeme, ambazo tangu zamani zimehesabiwa kuwa za wanaume.

Huko Marekani John Roebling alichora daraja la kuunganisha miji ya New York na Brooklyn. Lakini mwaka wa 1869 mguu wake ulipondwa gatini, akafa kwa pepopunda, na mwanawe Washington akaishika kazi. Ili kuweka misingi ya minara, masanduku makubwa ya mbao yalishushwa hata chini ya maji, hewa ikashindiliwa ndani yake, na watu wakachimba humo. Waliotoka upesi katika hewa ile walipatwa na maumivu makali ya viungo. Wengine walipooza, wengine wakafa. Washington naye akapatwa, na tangu mwaka wa 1872 hakuweza tena kwenda mwenyewe kuisimamia kazi, na baadaye akawa akiitazama kwa darubini dirishani mwake.

Hapo mkewe, Emily Warren Roebling, akaingia. Mwanzoni aliandika tu maneno ya mumewe na kuwapelekea mafundi. Lakini mtu atajibuje maswali juu ya maneno asiyoyafahamu? Basi akajifunza hesabu, na nguvu za vyuma na mawe, na jinsi ya kusuka kamba za nyuzi za chuma. Akaenda kazini siku kwa siku, akisema na wahandisi na wenye kandarasi, zaidi ya miaka kumi. Daraja lilipokwisha, nafasi kati ya minara yake miwili ilikuwa karibu mita 486, wala hapakuwa na daraja la kuning'inia refu kama hilo duniani. Emily alitangulia kulivuka kwa gari la farasi, amepakata jogoo kuwa ishara ya ushindi.

Siku ya kulifungua, tarehe 24 Mei 1883, Abram Hewitt alisema mbele ya watu kwamba daraja lile ni ukumbusho wa kujitoa kwa mwanamke, tena wa uwezo wake wa kupokea elimu ya juu aliyonyimwa muda mrefu mno. Alitaja mambo mawili. Hata mwaka wa 1951 wahandisi wa Brooklyn wakaweka kibao darajani chenye jina la Emily. Kibao chataja imani na ushujaa wake katika kumsaidia mume mgonjwa, na kujitoa kwa mwanamke. Kando ya majina ya wanaume zimeandikwa herufi za cheo cha uhandisi. Kando ya jina lake hamna. Lile jambo la pili limepotea njiani.

Labda mtu atasema, Mwenyewe hakudai. Sivyo. Mwaka wa 1898 alimwandikia mwanawe ya kwamba pasipo yeye jina la Roebling lisingalihusishwa na daraja lile. Tena liko neno linalotusumbua zaidi: mlango ulifunguka kwake kwa sababu mume aliugua. Kama Washington angalikuwa mzima, akili ile ingalitumika wapi?

Wala tusidhani ya kuwa hayo ni ya Marekani tu. Bomba la kijiji likiharibika, mama na binti ndio warudio mtoni na ndoo kichwani. Lakini akitafutwa mtu wa kwenda kujifunza kulitengeneza, macho yetu humwendea kijana wa kiume. Mama twamweka kutunza fedha za maji, kwa kuwa ni mwaminifu. (Wasemao spana ni nzito kwake hawajawahi kuibeba ndoo ile.)

Na wazazi wenye ada ya mtoto mmoja tu, binti akiwa amemshinda kaka yake katika hesabu, mara nyingi humwita mwalimu wa mtaa awape shauri, na neno lake husikilizwa. Akisema, "Binti huyu ana moyo mwema, atamsaidia mama yake," amesema neno la kibao kile. Na aombe kwanza kuyaona madaftari yao wote wawili.