Baba na Kadi ya Kliniki

Siku ya kupima watoto nenda kwenye zahanati yo yote ya Goba. Mabenchi yamejaa akina mama, walioshuka vilima tangu alfajiri, mtoto mgongoni na kadi mkobani. Mwanamume utakayemwona huenda ni wa bodaboda anayengoja abiria. Muulize baba mwanawe amekwisha pata chanjo zipi, atakujibu: "Muulize mama yake."

Basi lipo swali. Mtu asiyeifungua kadi hiyo kwa miaka mitano, ana haki gani ya kusema "sitaki" mtoto afikapo miaka kumi?

Swali hili si la kubuni. Tangu Aprili 2018 Tanzania inawachanja wasichana kuwakinga na kirusi cha HPV, kiletacho saratani ya mlango wa kizazi. Walianza wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 walichanjwa wa miaka 9 mpaka 14, kwa dozi moja. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na wengi hufika hospitali ya Ocean Road wakiwa wamekwisha chelewa. Hapo ndipo baba aliyekuwa kimya tangu mtoto azaliwe hupata sauti. Husema chanjo itamharibu binti kizazi, tena itamfungulia mlango wa zinaa.

La kizazi halina ushahidi. Madaktari wameichunguza chanjo hii miaka mingi katika nchi nyingi, wala hawakuona hivyo. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe.

La zinaa ni zito zaidi, maana linatoka katika uchungu wa kweli wa mzazi. Lakini tulifikiri mpaka mwisho wake. Binti anaweza kujihifadhi mpaka siku ya ndoa yake, akaolewa kwa mahari na mashahidi, kisha akapata kirusi kutoka kwa mumewe. Mume huenda alikuwa nacho miaka mingi bila kujua, kwani hakina dalili. Je, ujana wa mume ulipwe na mwili wa mke? Na chanjo hufaa zaidi kabla kirusi hakijaingia, ndiyo maana hutolewa mapema hivyo.

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 233, imetajwa miaka miwili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza. Na wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla yake, sharti waridhiane na washauriane. Jambo la ziwa tu! Baba hakupewa neno la peke yake, wala mama hakuachiwa mzigo wa peke yake. Kuna wanaojitetea kwamba wajibu wao ni matumizi. Kweli, chakula na mavazi yamo katika aya hiyo hiyo. Na mashauriano yamo.

Kliniki humwangalia mtoto mpaka miaka mitano. Baada ya hapo hupelekwa akiugua tu, na balehe humkuta peke yake. Zamani binti alikuwa na somo wake, na mvulana alifundwa jandoni. Goba ni mtaa wa wahamiaji. Bibi amebaki Rufiji au Tanga. Anayeweza kuyasema hayo sasa ni baba na mama, nao huoneana haya.

Na binti mwenyewe, aliye na miaka 12, anayesoma na kuelewa, aulizwe? Mimi nasema aulizwe. Mwili unaozungumzwa ni wake.