UKUTA UNAPANDA, WATU WANASHUKA

Andiko: Nehemia 5:1-14



Wengi tunamjua Nehemia wa ukuta. Leo nataka tumwone katika sura ya 5. Ukuta wa Yerusalemu unapanda vizuri, lakini ndani kuna kilio. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme. Sasa wanatoa watoto wao wawe watumwa, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe!

Mwaka 2014, hesabu ya uchumi ilipofanywa upya, tuliambiwa Kenya imeingia nchi za kipato cha kati. Tukashukuru. Lakini hiyo ni hesabu ya wastani. Mimi nikila chapati kumi nawe ukose, wastani utasema kila mmoja amekula tano. Je, umeshiba? Barabara ya Thika inapita kati ya Muthaiga na Mathare. Wastani hauwezi kukuambia mtoto wa upande gani analala njaa.

Hebu ona hatari yenyewe: mtoto alikuwa anarithi deni la baba. Shamba likishaenda, ataanzia wapi? Ndiyo maana katika Walawi 25 Mungu aliweka Yubile, kila mwaka wa 50 shamba lirudi kwa wenyewe. Baba akianguka, mtoto apate pa kusimama.

Mlango ukifunguliwa, watu huingia. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni moja waliingia darasani. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84! Hawakuwa wavivu, wapendwa. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nehemia hakuishia kuomba. Aliwaita wakubwa, wakaahidi kurudisha mashamba pamoja na riba. Yeye mwenyewe aliacha posho ya gavana kwa miaka 12.

Basi nakuuliza: mama anayekufulia nguo, umemlipa? Riba unayomtoza jirani inamwinua ama inamzamisha? Wiki hii, kabla ya kuleta sadaka, lipa ujira wa mtu. Na kama kuna mtoto ameitwa sekondari na karo imekwama, mseme katika ushirika wa nyumbani, tuchange.

Bwana atusaidie tujenge ukuta bila kuwapoteza walio ndani yake. Amina.