Kizibo Ambacho Mteja Haoni

Vijana wenzangu, leo falsafa tuitafute gereji.

Kwenye kabureta nyingi za misumeno ya mnyororo, chini ya kiwambo, kuna kizibo chembamba cha chuma, kidogo kuliko kifungo cha shati. Kinafunika matundu madogo yanayopitisha petroli injini ikiunguruma taratibu. Matundu yakiziba, mara nyingi kupuliza dawa juu juu hakutoshi. Fundi anakitoboa kizibo, anaking'oa, anasafisha, halafu anaweka kipya.

Kukiweka ni kazi ya dakika chache, ila haitaki papara. Kinalazwa mgongo juu, kinagongwa polepole kwa chuma chenye ncha bapa mpaka kitanuke na kubana ukingoni. Ukigonga kidogo, hakibani. Ukizidisha, kinabonyea na kulegea. Kikivuja, petroli inapita bila kupimwa: mwenye msumeno atazungusha skrubu mpaka achoke, na mashine itaendelea kutoa moshi na kuzimika.

Sasa tuseme kizibo kipya hakipo. Fundi ananyoosha kile kilichotobolewa, anapaka gundi, anafunga. Msumeno unawaka mbele ya mteja. Je, amemkosea? Wapo watakaosema, "Kosa liko wapi? Alilipia uwake, na umewaka."

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anasimulia pete ya Gyges, iliyomfanya mvaaji asionekane. Swali lake: mtu mwenye haki akiivaa, atabaki na haki? Kabureta ikishafungwa, fundi naye amevaa pete.

Mimi nasema amemkosea, hata kama kizibo kitashika mwaka mzima. Ukinunua nyanya, unaziminya mwenyewe. Kabureta huwezi kuiminya, kwa hiyo unamwachia fundi macho yako. Kadiri mtu asivyoweza kukagua kazi yako, ndivyo deni lako kwake linavyokua.

Kukosa kipuri si dhambi. Fundi angeweza kusema, "Kipya sina, hiki nimekinyoosha, kinaweza kuvuja." Mteja angeamua: asubiri, au achukue hivyo hivyo. Kosa ni kumwamulia kimyakimya. Kweli, ukisema hivyo anaweza kwenda kwa fundi mwingine. Hapo ndipo swali la Plato linapouma, maana haki isiyokugharimu chochote bado haijapimwa.

Wewe unayechanganya zege, unayejaza hesabu za kikundi, unayemfundisha mtoto wa jirani: kizibo chako ni kipi, na aliyekuamini anajua umekiwekaje?