Asiyekubali Kushindwa

Wapenzi wa mpira wana mazoea ya kusema ambayo yafaa mwalimu wa lugha na mwalimu wa uraia wayachunguze kwa pamoja. Timu ikishinda, shabiki husema, "Tumeshinda." Timu hiyo hiyo ikishindwa wiki ya pili, shabiki yule yule husema, "Wamefungwa." Pamoja na kitenzi, kiambishi cha mwanzo nacho kimebadilika, na ndani ya kiambishi hicho limo swali zito la maadili. Je, ushinde ni mali ya nani? Na yule anayeuhukumu, anauhukumu kwa haki gani?

Twende Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, kando ya ghuba yenye wavuvi wengi. Hapo, kama ilivyo katika vijiji vyote vya pwani yetu, baraza ni shule isiyo na kengele. Huyu ametoka baharini, yule shambani kwenye mikorosho, mwingine darasani. Wote huketi pamoja, na mpira ukiwa ndiyo habari ya siku, kila mmoja ana neno. Mtu ambaye hathubutu kufungua kinywa katika mkutano wa kijiji, hapa huwa msemaji hodari. Kwa hiyo tusiyadharau mazungumzo haya. Humo wananchi hujizoeza kutoa hoja, kusikiliza hoja, na pengine kuonea.

Tukumbuke usiku wa tarehe 27 Juni, 2019. Taifa Stars ilikuwa Cairo, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, ambazo nchi yetu haikuwa imezifikia tena tangu zile za Nigeria za mwaka 1980. Siku nne kabla ilikuwa imefungwa na Senegal mabao 2 kwa 0. Sasa ilikabiliana na jirani na ndugu yetu, Kenya. Simon Msuva alifunga katika dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha katika dakika ya 39, na dakika moja baadaye Mbwana Samatta akatuweka mbele tena. Katika kipindi cha pili Johanna Omolo alisawazisha, na katika dakika ya 80 Olunga akafunga bao la tatu la Kenya. Tuliongoza mara mbili, na tukashindwa 3 kwa 2.

Mchezo ulikuwa umeanza saa tano za usiku kwa saa zetu. Hebu tumfikirie kijana wa Mchinga aliyekesha akiufuata, kisha asubuhi akaja barazani macho mekundu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naona hukulala."

"Ningelalaje, babu? Mwalimu wa timu ametuponza. Wachezaji wazuri amewaacha nyumbani, na tulipokuwa mbele hakujua kuulinda ushindi."

"Na juzi, kabla ya mchezo, ulisema hivyo?"

Kijana aliyeulizwa swali hilo hana budi kunyamaza kidogo. Nasi tunyamaze pamoja naye, maana ndilo swali la insha hii.

Mwalimu aliyekuwa akisemwa alikuwa Emmanuel Amunike wa Nigeria, yule ambaye katika fainali ya mwaka 1994 alifunga mabao mawili yaliyoipa nchi yake kombe hilo hilo. Mnamo Septemba 2018, kabla ya mchezo na Uganda mjini Kampala, aliwaacha wachezaji kadhaa waliochelewa kuripoti kambini. Mchezo ule ulimalizika bila bao, na wako waliosema kwamba mwalimu ni mkaidi. Tarehe 24 Machi, 2019, timu yake iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0 mjini Dar es Salaam, ikapata nafasi ya kwenda Cairo. Hapo ukaidi ukapewa jina jipya, ukaitwa nidhamu. Baada ya kufungwa na Kenya, na kisha na Algeria mabao 3 kwa 0, jina la kwanza likarudi. Na mwezi Julai Shirikisho la Mpira wa Miguu likaachana naye. Mtu alikuwa yule yule na tabia ile ile. Hesabu ya mabao ndiyo iliyokuwa ikibadilika, na sifa zake zikabadilika nayo.

Wavuvi wa Mchinga wanaweza kutufumbulia jambo hili. Nahodha mmoja ameitazama mbingu, amepima upepo, ameona ni shwari, akatweka tanga. Katikati ya safari kusi ikavuma kwa ghafula, na nyavu zikapotea. Nahodha mwingine ameonywa na wenzake wote, mawingu anayaona, naye akatoka kwa kiburi. Bahati ikamchukua, akarudi na samaki tele. Je, wa kwanza ni mpumbavu na wa pili ni mwenye hekima? Mvuvi mzoefu hatakubali. Atasema kwamba wa kwanza alifanya lililompasa, bahari ikakataa. Na wa pili alitenda vibaya, bahari ikamsamehe. Atamwamini yupi amchukue mwanawe? Hilo halihitaji jibu.

Ikiwa tunaijua haki hii baharini, mbona tunaisahau uwanjani? Mwalimu wa timu huchagua kabla ya mchezo. Sisi huhukumu baada yake. Yeye ana giza la kesho, sisi tuna mwanga wa jana. Kumlaumu mtu kwa kutokujua lile ambalo hata sisi hatukulijua ni kumdhulumu.

Lakini hapa msomaji makini atapinga. Atasema: ikiwa ni hivyo, hakuna awezaye kulaumiwa kamwe, kila kiongozi atajificha nyuma ya bahati mbaya, awe wa timu, wa ushirika au wa kijiji. Pingamizi hili ni la kweli, na yule babu wa barazani asijidhani kuwa ameshinda kwa swali moja. Nahodha anayepoteza nyavu mara moja tunampa pole. Anayezipoteza kila mwezi hatuna budi kumwuliza anavyopima upepo. Kadhalika timu inayoongoza mara mbili na kupokonywa mara mbili ina jambo la kuulizwa. Ushinde hautoshi kuwa ushahidi wa kosa, lakini ni sababu njema ya kulitafuta kosa. Kijana yule alikuwa na haki ya kuuliza; alichokosa ni kuuliza kwanza na kuhukumu baadaye.

Basi anayetaka kukosoa kwa haki ajipime kwa maswali matatu. La kwanza ni lile la babu: je, nilichokiita kosa kilionekana kuwa kosa kabla ya matokeo? La pili linatuhusu sana sisi Watanzania, tuliogawanyika tangu Yanga ilipoundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936: je, ningelalamika hivi kama mchezaji aliyeachwa angekuwa wa klabu ile nyingine? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wengi wetu tunapodai kutetea taifa, tunavuta ngozi. La tatu: je, maneno haya ningeyasema mbele ya huyo ninayemsema, na mamaye akiwa amesimama karibu? Anayesema kwamba mlinzi alichelewa kumfuata mshambuliaji ametoa hoja. Anayemtukana mlinzi huyo kwa kabila lake au kwa sura yake hakuzungumzia mpira hata kidogo.

Turudi sasa kwenye kile kiambishi. Anayesema "tumeshinda" amejitia katika timu kwa hiari yake, na ubia hauna faida bila hasara. Akitaka kuwa mmoja wa wenye timu, imempasa kujiuliza yeye mwenyewe ametoa nini. Mkoa wa Lindi wenyewe umeonyesha kwamba swali hili lina majibu: Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu haishuki kutoka mbinguni. Huanza na kiwanja kilichofyekwa, mpira ulioshonwa, na mtoto mlinda mlango aliyefungwa mabao manne Jumamosi, ambaye mtaa mzima ukimzomea hatarudi tena uwanjani. Huenda huyo ndiye tutakayemlilia miaka kumi baadaye tukiuliza kwa nini taifa halina mlinda mlango.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kawaida tunawaambia wachezaji maneno hayo, tukidhani kwamba mshindani ni yule aliyevaa jezi. Walimu na wanafunzi wayasome tena, wakiwafikiria walioketi barazani. Kukubali kushindwa si kukaa kimya, wala si kumsamehe kila mzembe. Ni kusema "tumeshindwa", kwa nafsi ya kwanza, wingi. Kisha kutafuta sababu bila kumwonea mtu. Atakayejizoeza kufanya hivyo barazani kwa ajili ya mpira atakuwa amejiandaa kufanya hivyo mkutanoni, siku mambo makubwa zaidi yatakapokwenda kombo.